Nairobi Expressway: tupite juu ama chini?

"Bosi, tupite juu ama chini?" Hilo ndilo swali namuuliza kila abiria nikimtoa uwanja wa ndege wa JKIA, na kwa wale hamjafika Nairobi siku za karibuni, juu ni Expressway ya kulipia, chini ni Mombasa Road ile ile ya bure, yenye matatu, malori, mikokoteni na watu wanaovuka mbio na watoto mkononi. Mimi ni dereva wa teksi na naishi Mlolongo, kwa hivyo hii barabara siipiti ya matembezi, naipita ya unga, na tangu ifunguliwe nimeitumia mchana, usiku, mvua na jua. Nikiambiwa niipe nyota, barabara yenyewe naipa nne, bei naipa mbili, na vile walivyowaacha watu wa chini hapo hata moja naitoa kwa uchungu.

Nianze na uzuri wake maana upo na sitaki kudanganya mtu. Ni kama kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands pale James Gichuru, na ikifika mjini inapanda juu ya nguzo, unaona Nyayo Stadium na raundabauti zote zile zilizokuwa zinatumaliza ziko chini yako. Iliachiwa magari kwa majaribio Mei 2022, Rais Uhuru akaifungua rasmi 31 Julai mwaka huo huo. Mwendo mwisho ni 80 kwa saa, piga hesabu, ni kama dakika 20 mwisho hadi mwisho, na kuna siku za nyuma, kabla haijajengwa, nilitoka Mlolongo saa kumi na mbili asubuhi nikafika Westlands saa mbili na nusu huku abiria ananiangalia kama mimi ndiye nimeweka msongamano. Lami ni safi, mistari inaonekana usiku, hakuna mashimo ya kukuvunjia shock absorber. Bodaboda, tuktuk, baiskeli na wanaotembea kwa miguu hawaruhusiwi, na matatu ikipanda haishushi wala kubeba mtu huko juu, kwa hivyo hakuna kile kitu cha mtu kufunga breki ghafla mbele yako.

Njia za kulipa ziko kadhaa, nitaje mbili. Ya kwanza, ukiingia unapewa kadi, ukitoka unairudisha na unalipa kulingana na umbali. Ya pili ni kale kakifaa unabandika kwa kioo cha mbele, unakijaza pesa mapema, ukikaribia kizuizi kinafunguka chenyewe. Kama unapita zaidi ya mara mbili kwa wiki chukua kifaa, usiku mmoja tu wa mvua ukiwa na abiria anakimbilia ndege utanielewa. Ila kagua salio kabla hujatoka nyumbani. Na jua exit yako, yaani pale utakapotokea, mapema, maana si kila steshoni unaweza kuingia na kutoka pande zote mbili, na ukishaipita imekwenda, huko juu hakuna kugeuza, utaenda mpaka inayofuata na utalipia huo umbali.

Sasa bei. Ilipoanza gari ndogo ilikuwa kati ya shilingi 120 na 360 kulingana na unapotokea na unaposhukia. Mwanzoni mwa 2024 ikapanda ikawa 170 mpaka 500, na lori la ekseli nne au zaidi likatoka 1,800 kwa safari nzima likafika 2,500. Sababu iko kwa mkataba wenyewe. Wachina wa China Road and Bridge Corporation waliijenga kwa pesa zao na za mikopo, kampuni yao ya Moja Expressway ndiyo inaiendesha na kukusanya hizo ada kwa miaka 27 ndio warudishe gharama na faida, halafu serikali ikabidhiwe. Lakini deni ni la dola na sisi tunalipa kwa shilingi, na wakati ule shilingi ilikuwa imeanguka vibaya, Januari 2024 dola moja ilikuwa inacheza kwa 160 hivi, kwa hivyo ule mzigo ulishushwa kwa dereva. Ukienda mwisho hadi mwisho na kurudi ni 1,000 kwa siku, siku 22 za kazi ni 22,000, na hiyo inazidi kodi ya nyumba yangu. Ndio maana mimi mwenyewe nikiwa mtupu bila abiria napita chini. Wateja wangu wengi nao walibadilika mwaka ule, yule wa mkutano wa kampuni anasema juu bila kufikiria kwa sababu risiti inaenda ofisini, mama aliyetoka Dubai na masanduku mawili, pesa zote ni zake, anauliza kwanza ni ngapi halafu ananyamaza kidogo, anasema twende tu chini.

Na hapo ndipo panaponiuma. Wakati wa ujenzi Mombasa Road ilichimbwa, steji zikahamishwa, njia za miguu zikapotea, miti ya pale katikati ikakatwa. Ule mti mkubwa wa mugumo wa Waiyaki Way uliokolewa Novemba 2020 kwa sababu watu walipiga kelele mpaka Ikulu ikasikia, na mpaka leo nikiupita namwonyesha abiria. Lakini mama anayeuza mahindi choma kando ya barabara hakupata amri ya rais. Anasimama kwenye vumbi chini ya nguzo, mvua ikinyesha anakanyaga tope, na kuvuka upande wa pili ni kuomba Mungu ama kutembea mbali atafute daraja. Barabara ya kulipia inakubalika kwa sababu wasiolipa wana njia yao ya bure, sawa, lakini hiyo ya bure lazima iwe njia ya binadamu, na hili nalisema nikiwa mtu ambaye juu inanilisha.

Julai 2023 waandamanaji walivunja vitu vya Expressway hapa kwetu Mlolongo, tarehe 12. Sikufurahia, kesho yake mimi ndiye nilikosa kazi. Lakini ukiishi hapa unajua hasira ya mtu anayesikia magari ya kulipia yakivuma kando yake akiwa kwa foleni ya matatu tangu saa kumi na moja alfajiri.

Niseme pia siku iliyonifanya niiheshimu. Ilikuwa jioni, saa kumi na mbili na nusu, mvua ya masika, jirani akanipigia, "Jirani, tafadhali, mzee amezidiwa." Tulimweka mzee kiti cha nyuma, binti yake akamshikilia kichwa, pumzi ilikuwa inatoka kwa kukwaruza na mimi nilikuwa naisikia kuliko injini. Chini taa nyekundu zilikuwa zimesimama kutoka Cabanas, hakuna hata nafasi ya kupenyeza pikipiki. Tukapanda juu, tukashukia Haile Selassie, tukaenda hospitali moja Upper Hill, na daktari akamwekea oksijeni. Mzee yuko, juzi amenisalimia. Siku hiyo hata wangeniambia 2,000 ningelipa. Ila nilifikiria pia, usiku ule ule huko chini kulikuwa na mzee wa nani kwa matatu?

Kitu kingine watu hawasemi sana ni foleni za kutoka. Muda ulionunua juu unaweza kuupoteza wote pale unaposhukia, hasa asubuhi Haile Selassie na jioni Westlands, kwa sababu barabara pana inakumwaga kwa barabara nyembamba iliyojaa tayari. Wapo wanaosema dawa ni kuongeza exit. Mimi naona dawa ni mabasi ya kueleweka huko chini, watu wakipata usafiri wa kuaminika hata sisi wa juu tutapumua. Na kwa vile barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, ile ya kupitia Nakuru, nayo inajengwa iwe ya kulipia, hii habari ya njia ya bure isiachwe mpaka mwisho kama hapa.

Bei ya watu wa kila siku pia iangaliwe. Punguzo la saa za alfajiri, ama la mwezi, lingeturudisha wengi juu saa ambazo barabara iko tupu kabisa na wao hawapati kitu.

Kama unakuja mara ya kwanza na huna kifaa, shika noti ndogo ndogo mkononi kabla hujafika kwa kibanda, na kama ni saa kumi na moja jioni unaenda Westlands, angalia ramani kwanza ndio ulipe.