Ncha mpya za nozeli kwenye Mercedes 300D (W123): uzoefu wangu wa kuzibadilisha nyumbani

Nianze na jibu, maana mwenye gari la zamani la dizeli anataka kujua kwanza kama hela yake itapotea. Kwa injini ya OM617 ya silinda tano isiyo na tabo (turbo, feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), na ndugu yake OM616 ya 240D yenye silinda nne, usinunue nozeli nzima. Nunua ncha peke yake, mpe fundi pampu (fundi wa pampu za dizeli) azifunge kwenye miili ya nozeli zako za zamani na kuzipima kwa mashine, halafu kazi ya kufungua na kurudishia uifanye mwenyewe. Nimetumia ncha za Bosch na za Monark kwenye miili ya zamani, na nimetumia pia seti ya nozeli nzima zisizo na jina. Seti hiyo ya mwisho siipendekezi kwa mtu yeyote.

Tuelewane kwenye maneno. Mafundi wengi huita kila kitu nozeli. Hapa nozeli ni chuma chote kinachofungwa kwenye silinda hedi na kupuliza dizeli ndani, na ncha ni kile kipande kidogo cha mbele chenye sindano ndani. Mwili wa nozeli ukiwa haujapasuka wala kuliwa na kutu, unadumu karibu maisha ya injini. Kinachochakaa ni ncha, na springi inayolegea taratibu.

Kuhusu ile seti isiyo na jina: ilikuja inang'aa, kila moja imefungwa kwenye karatasi yake. Kwenye mashine ya kupimia, moja ilifunguka kwenye shinikizo la bar 98, nyingine ikafika 134. Injini hii bila tabo inataka nozeli mpya zifunguke kati ya bar 115 na 125 (yenye tabo ni 135 hadi 145), na zote tano zisipishane zaidi ya bar 5. Kupishana huko ndiko kunakouma. Pampu inapeleka kiasi kilekile cha dizeli kwa kila silinda, lakini nozeli inayofunguka mapema inamwaga mapema, silinda hiyo inagonga. Inayochelewa inavuta kivivu. Matokeo yake gari likiwa silensa (linanguruma bila kukanyagwa mafuta) linatikisika hadi kioo cha pembeni kinacheza, na mtu anaanza kulaumu mipira ya injini. Kwa hiyo hata ukinunua ncha za kampuni kubwa, bila kupimwa umenunua nusu ya kazi.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha kweli ni nozeli. Washa injini ipate moto, iache silensa, vaa miwani na glavu, zungushia kitambaa nati ya bomba la nozeli ya kwanza, kisha ilegeze nusu mzunguko kwa spana 17. Dizeli itatoka kwa kudondoka. Mlio wa injini ukibadilika na kuanza misi (kuruka mapigo), silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, umempata mgonjwa. Kaza, nenda inayofuata. Ukishampata, hamisha nozeli yake kwenye silinda nyingine. Misi ikihama nayo, tatizo ni nozeli. Ikibaki palepale, angalia valvu na kompresheni. Valvu za injini hizi hurekebishwa kwa mkono, injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.10, za kutolea moshi 0.30. Nimeona nozeli zikibadilishwa mara mbili wakati kosa lilikuwa valvu iliyobana. Moshi nao unasema: mweusi wakati wa kukanyaga mafuta ni ncha inayodondosha badala ya kupuliza ukungu, mweupe unaowasha macho ni dizeli isiyoungua, wa bluu ni oili, na hapo nozeli haihusiki.

Onyo moja la dhati. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli inayopuliza, iwe kwenye injini au kwenye mashine ya kupimia. Dizeli ya shinikizo hilo inapenya ngozi, kidonda kinaonekana kama cha sindano tu, na ndani nyama inakufa. Ikitokea, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kuvimba.

Vifaa si vingi: spana mbili za 17, soketi ndefu ya 27, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) inayofika Nm 80, na mpira mdogo wa kurudishia dizeli wenye tundu la milimita 3.2 uliovishwa uzi kwa nje. Mita moja inatosha. Kikubwa zaidi ni washa mpya (visahani vyembamba vya chuma) za kuzuia joto, moja kwa kila silinda. Soketi iangalie vizuri. Lazima iwe na uwazi wa kutosha ndani, maana nozeli ina vichuchu viwili pembeni vya mipira ya kurudishia, na soketi yenye ukuta mnene au kina kifupi inavikata. Kichuchu kikivunjika, mwili umekwisha. Soketi ya kawaida isipoingia vizuri, mpe fundi wa mashine ya kukereza aipanue ndani.

Kabla ya kulegeza chochote, osha eneo lote kwa dizeli na brashi, kausha kwa upepo. Chembe ya mchanga usiyoiona ikiingia kwenye bomba inatosha kuua ncha mpya siku ya kwanza. Kisha legeza nati za mabomba pande zote mbili. Upande wa pampu, shika kishikilia valvu kwa spana ya pili ili kisizunguke pamoja na nati, la sivyo pampu itaanza kuvuja hapo. Mabomba yatoe yakiwa yameshikana na klipu zake, usiyapinde kupisha njia. Ziba kila mdomo kwa kizibo au nailoni safi iliyofungwa kwa raba bendi.

Nozeli iliyokaa miaka mingi inaweza kugoma. Mwagia mafuta ya kulegezea jioni, rudi asubuhi. Ikigoma bado, endesha gari ipate moto kisha ufungue injini ingali ya uvuguvugu. Mpini mrefu na nguvu ya taratibu hufanya kazi kuliko nyundo.

Sasa kuhusu washa, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Chini ya kila nozeli kuna kisahani chembamba cha chuma. Kinaziba kompresheni na kukinga ncha na moto wa chemba. Kinabonyea mara moja tu. Kukitumia tena ni kukaribisha uvujaji, na ncha mpya itaungua mdomo. Kabla ya kukitoa mulika tochi uone upande gani umetazama juu, ili kipya kikae vilevile. Kikigandia, kichomoe kwa waya mgumu uliokunjwa ndoano. Baada ya hapo mulika tena. Mara nyingi fundi aliyepita aliacha cha zamani na kuweka kipya juu yake, vinaonekana kama kimoja kinene cheusi. Nozeli ikikaa juu ya visahani viwili haikai kina chake, na utasikia mlio wa chuf-chuf na kuona masizi yamezunguka shina lake. Hesabu visahani ulivyotoa: injini ya silinda tano itoe vitano. Ukipata sita, umeshajua kwa nini silinda moja ilikuwa inasumbua.

Kwenye benchi, namba ya ncha imechorwa mwilini mwake na kwa injini hizi huanza na DN0SD, ikifuatiwa na tarakimu. Tarakimu hizo zifanane na za ncha uliyotoa, ikiwa ndiyo ya asili. Muuzaji akikwambia zinaingiliana, muulize kwa nini basi wanatengeneza tofauti. Ncha mpya ina grisi ya kutunzia, ioshe kwa dizeli safi. Sindano na mwili wake vimesagwa pamoja kama kifuniko na chungu chake, usivichanganye na vya ncha nyingine. Vuta sindano nje theluthi moja, iachie: ikiwa imelowa dizeli safi inapaswa kushuka yenyewe kwa uzito wake, taratibu bila kukwama. Usichokonoe tundu kwa waya wala kulisugua kwa msasa.

Kazi ya fundi pampu ni hii, na simama pale uione. Anabadilisha shimu (kipande chembamba cha chuma cha kujazia) juu ya springi mpaka kila nozeli ifunguke kwenye namba yake. Shimu nene zaidi inapandisha shinikizo, na sehemu ndogo sana ya milimita ni bar kadhaa. Kisha anashikilia shinikizo bar 20 chini ya la kufungukia kwa sekunde 10, na mdomo wa ncha usidondoshe. Mwisho anapiga mpini kwa haraka: ncha nzuri inalia kwa mtetemo na kutoa ukungu mwembamba ulionyooka. Inayotoa uzi mmoja kama mkojo wa mtoto irudishwe dukani. Mwambie akuandikie namba za zote tano kwenye karatasi. Fundi anayesema anajua kwa kusikia tu, mshukuru na utafute mwingine. Kwa upande huu ncha za Bosch na Monark zote zilifika ndani ya bar 3 bila kuhangaika, na sioni tofauti kati yake barabarani.

Kurudishia ni rahisi. Safisha mahali kisahani kinapokaa kwa kitambaa kilichopakwa grisi kwenye kijiti ili masizi yanate, weka kisahani kipya, ingiza nozeli kwa mkono mpaka ifike chini, kisha kaza Nm 70 hadi 80. Ukipaka grisi ya shaba kwenye nyuzi za nozeli, paka kidogo sana na ukomee Nm 70. Nati za mabomba ni Nm 25. Anza zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Mipira yote ya kurudishia weka mipya, na kizibo cha kichuchu cha mwisho usikisahau. Mpira uliochoka hauvuji tu nje. Gari likilala unaingiza upepo, asubuhi unapiga stata hadi betri inachoka.

Badilisha filta zote mbili siku hiyohiyo, ile ndogo ya kuonekana ndani na ile kubwa. Kisha toa upepo: piga pampu ya mkono iliyo pembeni ya pampu kubwa mpaka usikie valvu ya kurudishia inanguruma. Legeza nati za mabomba upande wa nozeli, mtu akanyage mafuta hadi chini na kupiga stata sekunde 15, pumzisha stata dakika moja, rudia. Dizeli ikitoka bila mapovu, kaza na uwashe. Itatetemeka kidogo kisha itatulia.

Wakati inanguruma silensa, paka maji ya sabuni kuzunguka kila nozeli. Mapovu yakipanda mfululizo kwenye moja, zima, fungua hiyo, weka kisahani kingine kipya. Usijaribu kuikaza zaidi ya Nm 80. Baada ya siku mbili tatu za kuendesha, pitisha karatasi ya chooni kwenye kila nati ya bomba. Karatasi ikilowa, legeza robo mzunguko, kaza tena Nm 25.