Ukuta wa projekta: silki imenitesa, mati ndo imenituliza (uzoefu wangu, Tanga)

Habari zenu wadau. Mimi niko Tanga, Ngamiani, na ukuta mmoja wa sebuleni kwangu nimeupaka rangi mara mbili ndani ya miezi mitatu kisa projekta. Nimeona niandike yote mana kuna watu najua sahivi wako dukani wanaulizia rangi ya kazi hiihii na wataambiwa kama nilivyoambiwa mimi.

Projekta yangu ni zile ndogo za LED, boksi limeandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) elfu na kitu ila hizo namba za kwenye boksi usizishikilie, kipimo cha kuaminika ni lumeni za ANSI, zile zilizopimwa kwa kanuni maalum, na wengi wala hawakiandiki. Mwanzo nilikuwa narusha kwenye shuka. Sasa shuka na feni haviendani kabisa, feni ikiwaka picha inatembea, wachezaji wanakuwa wanene mara wembamba, na joto la huku mnalijua, bila feni nani atakaa saa mbili nzima. Nikasema basi, napaka ukuta.

Fundi aliyekuja akanambia bosi weka silki, ile rangi yenye mng'ao kidogo, watoto wakishika unafuta na kitambaa tu. Na hakudanganya, kwa ukuta wa kawaida silki ni rangi nzuri sana. Dukani nako wakanipa galoni ya lita 4 wakati baadae nimepiga hesabu picha ya inchi 100 ni kama mita 2.2 kwa mita 1.25, haifiki hata mita za mraba 3, na lita moja ya rangi ya maji inaweza kupaka mita za mraba kama 10 kwa mkono mmoja (yani kupaka mara moja), kwahiyo lita moja tu ingenitosha mikono mitatu. Hilo liliniuma kwakweli, mtu umemueleza kazi yako yote na kipimo cha ukuta umempa bado anakuuzia mara nne.

Tukapaka mikono miwili. Mchana ukuta ulipendeza, unang'aa, kila mtu anasifia. Usiku nawasha, katikati ya picha kuna doa la mwanga kama mtu kachomeka taa nyuma ya ukuta, pembeni kote kumefifia, halafu nikihama kochi na lenyewe linahama linanifuata. Mpira ukipita pale katikati unapotea unakuja kuuona ushafika wingi. Mjomba wangu alikuja kuangalia mechi akakaa kama dakika tano hivi akaniuliza, "Baba, hiyo taa ya pale kati huwezi kuizima?" Niliumia jamani.

Sababu ni kwamba rangi yenye mng'ao inarudisha mwanga kama kioo, unakwenda upande mmoja kwa wingi, ukikaa kwenye njia yake unaona doa. Isiyong'aa kabisa, ile ya mati, inautawanya mwanga pande zote, ndo mana hata aliyekaa kwenye mkeka pembeni kabisa anaona sawasawa na wa katikati. Kwahiyo kabla hujafikiria nyeupe au kijivu, uliza kwanza mng'ao. Silki hapana, glosi inayong'aa zaidi ndo usiseme.

Mara ya pili sikutaka tena kuambiwa na mtu. Nikaokota vipande vinne vya jipsam vilivyobaki kwenye silingi ya jirani, nikavipaka nje barazani, kimoja silki ileile, kimoja nyeupe ya mati, kimoja krimu ya mati, cha mwisho nyeupe ya mati niliyoitia tinta nyeusi kidogokidogo mpaka ikawa kijivu cha mbali. Usiku nikaviegemeza vinne pamoja kwenye ukuta nikarusha picha moja ikavipitia vyote. Ile krimu jezi nyeupe ilikuwa kama imefuliwa na maji ya kisima, njano kabisa, wakati mchana kwa macho nilikuwa naiona nyeupe tu. Nilichukua karatasi ya A4 nikaibandika katikati na karatasi ndo inakwambia ukweli, rangi yoyote ukiiweka jirani yake utajua kama ina unjano au ubluu.

Kijivu nacho kina kazi yake msikidharau. Projekta haiwezi kurusha weusi, sehemu nyeusi ya picha ni ukuta wako wenyewe ambao haujapigwa mwanga, kwahiyo kama sebule ina mwanga unaovuja basi ukuta mweupe unakupa weusi uliopauka kama majivu na kijivu kinausaidia. Ila kinakula mwanga pia, na projekta dhaifu kama yangu haina mwanga wa kutoa sadaka. Kwenye kile kipande picha ilikuwa nzito, sura za watu zimeingia giza. Mwenye mashine kali achukue kijivu cha mbali, mimi nikachukua nyeupe ya mati nikashona mapazia mazito ya bitana.

Sasa ukuta. Hapa ndo nataka msome vizuri mana rangi ni robo ya kazi. Nyumba yangu ya zamani, chini kuna chokaa ya miaka hiyo, tulipoikwangua ile silki ikatoka vipande vizima kama ngozi na kiganja changu kikabaki cheupe kama nimeshika unga wa muhogo. Rangi ya maji haishiki juu ya chokaa inayochujuka. Tukakwangua mpaka ikagoma, tukaosha, tukaacha siku tatu ukauke, tukapiga praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), ndo pati ya kusawazisha ukuta mikono miwili na msasa.

Fundi akasema imelainika. Kwa mkono kweli ilikuwa laini. Nikazima taa, nikaiweka tochi ya simu ikigusa ukuta kabisa, mwanga unakwenda kwa ubavu, hapo sasa mkaona mambo, mistari ya bao la pati, vishimo, na nundu moja kama punje ya mtama. Picha ya Full HD kwenye inchi 100 pikseli moja (kidoti kimoja cha picha) ni kama milimita 1.15 tu, kwahiyo kinundu cha milimita moja tayari kinacheza na picha yako. Tulirudia msasa tukiwa na tochi. Na rola tumia ya manyoya mafupi, ile ya manyoya marefu inaacha ukuta kama ganda la chungwa la Muheza. Mikono mitatu, kila mkono ukauke vizuri, na hewa yetu hii ya chumvi na unyevu usiamini saa zilizoandikwa kwenye kopo, mimi niliacha ulale mpaka kesho yake.

Pembeni nimezungushia fremu ya velveti nyeusi upana wa vidole vinne. Hiyo bei rahisi kuliko vyote na macho yanaona picha imekolea.

Matokeo, doa hakuna. Mjomba amekaa pembeni kabisa mwa sebule juzi mpaka filimbi ya mwisho hajasema neno. Kinachonisumbua ni silingi nyeupe, inarudisha mwanga kwenye ukuta matukio ya mchana kwenye filamu yakija, na hiyo nataka niipake kijivu cha mati walau mita moja ya mbele. Pia mati haifutiki, mtoto kaweka vidole vya embe pale chini, nikifuta kwa kitambaa chenye maji panabaki mng'ao, dawa yake nimegundua ni kugusia na rangi ileile kwa kipande cha sponji, kwahiyo bakisheni kidogo kwenye chupa iliyofungwa vizuri.

Kona ya chini kushoto, upande wa bafu, imeanza kutoa unga wa chumvi. Hapo sijapaka kitu juu yake, nimeongea na fundi bomba aje kwanza aangalie maji yanatoka wapi kabla masika hayajaingia.