Fomu Moja, Orodha Nyingi: Huduma ya Kuombea Nafasi Shule za Chata, Massachusetts

Fomu yenyewe naipa nyota nne. Hesabu ya wanaosubiri inayopigwa kutokana na fomu hiyo naipa moja, na hiyo moja ni ya heshima tu.

Kwa msomaji asiyeishi Marekani: shule za chata zinalipiwa na kodi ya wananchi, hazitozi karo, ila zinaendeshwa na bodi zake zenyewe badala ya wilaya ya elimu. Sheria ya kwanza ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa huko 1992. Waombaji wakizidi viti, bahati nasibu inachezeshwa. Atakayekosa anaingizwa kwenye orodha ya kusubiri. Orodha hiyo ndiyo wanasiasa wanapenda kuipunga hewani.

Tuanze na mazuri. Tovuti ninayoizungumzia inakusanya shule kadhaa za chata mahali pamoja. Unaandika jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, anwani, darasa analoingia, kisha unaletewa majina ya shule, kila moja na kisanduku chake. Hakuna ada wala mahojiano, na hakuna anayekuuliza ripoti ya muhula. Nilijaza kwa simu nikisubiri zamu ianze, na uthibitisho ukaingia kwenye barua pepe kabla sijavaa buti. Sehemu ya ndugu imeandikwa vizuri pia: mtoto mwenye kaka au dada tayari shuleni anapewa kipaumbele, na fomu inalikumbuka hilo bila kukusumbua.

Nikaweka tiki kila shule inayochukua watoto wa mji wetu kwa darasa la kijana wangu. Kwa nini nisiweke? Tiki ni bure. Shule mojawapo basi lake lingemtoa nyumbani kabla ya alfajiri, na mke wangu alishasema mtoto wake haendi huko hata kwa helikopta. Nayo nikaiweka.

Hapo ndipo kasoro kubwa ilipo. Fomu haikuulizi unaitaka shule ipi zaidi. Washington, D.C. wana bahati nasibu ya pamoja ambamo mzazi anapanga shule zisizozidi 12 kwa upendeleo. Mtoto akipata mojawapo, anabaki tu kwenye orodha za zile alizoziweka juu yake, zilizo chini anatoka. Huku kwetu kila shule ilichezesha ya kwake. Kijana alipata nafasi shule moja, tukaikubali, na zile nyingine zikaendelea kumhesabu kuwa anasubiri. Kitufe cha kujiondoa kote kwa mpigo hakipo. Unaandikia shule moja moja, na mzazi mwenye zamu mbili hana muda huo.

Mimi kazi yangu ni kuhesabu stoki kwenye ghala la vipuri. Boksi moja likitajwa kwenye karatasi tano, nikaandika tuna maboksi matano, siku hiyohiyo naitwa ofisini. Kwenye elimu naona mtu anaitwa kwenye televisheni.

Mwaka 2014 muungano wa kitaifa wa shule za chata ulitangaza kwamba orodha za kusubiri nchini zimepita majina milioni moja. Majina, siyo watoto. Ukisoma mbele kidogo, makadirio yao wenyewe ya watoto halisi yalikuwa takriban 586,000, lakini kilichotembea ni ile milioni. Wasomi wawili, Kevin Welner na Gary Miron, walijibu mwezi huohuo wakitaja sababu tisa za kuitilia shaka namba hiyo. Mwaka huohuo Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo letu, Suzanne Bump, alikagua orodha za Massachusetts na kusema data yake haiaminiki: kuna majina yaliyorudiwa, na kuna shule zilizokuwa zikibeba majina ya miaka iliyopita kama bado yanasubiri.

Halafu ikaja kura ya maoni ya jimbo letu ya 2016, lile Swali la 2, lililotaka jimbo liruhusiwe kufungua au kupanua hadi shule 12 za chata kila mwaka. Gavana Charlie Baker aliliunga mkono. Kampeni ya kuliunga mkono ilirudia kila kona kwamba watoto zaidi ya 32,000 wako foleni. Wapiga kura wakalikataa, 62 kwa 38. Sisemi lilikataliwa kwa sababu ya orodha, maana fedha za shule za wilaya ndizo zilizozungumzwa zaidi. Nasema tu kwamba namba ile ilibebeshwa mzigo isiouweza.

Maana hata ukisafisha orodha mpaka kila mtoto ahesabiwe mara moja, bado haijakuambia kitu ninachotaka kujua mimi: shule ikipiga simu, wangapi wanakuja? Mzazi wa nafasi ya arobaini huenda alishahama, huenda mtoto ametulia alipo, huenda ni baba wa ile tiki ya basi la alfajiri. Anayesema kuna mahitaji anionyeshe simu zilizopigwa, waliokubali, waliokataa, na viti vilivyobaki wazi Oktoba. Takwimu hizo shule inazo. Sijaona hata moja ikizibandika kwenye bango.

Na foleni si mali ya shule za chata peke yake. METCO, mpango unaopeleka watoto wa Boston kwenye shule za vitongojini tangu 1966, ulikuwa na watu wengi waliosubiri miaka nenda rudi. Shule za ufundi za jimbo hili nazo zinakataa watoto kila mwaka kwa kukosa nafasi. Ikiwa foleni ni hoja ya kujenga, basi tujenge karakana za ufundi kwanza, nitakuja na nyundo yangu.

Nisieleweke vibaya. Tafiti zilizofuatilia watoto walioshinda bahati nasibu za Boston na kuwalinganisha na walioshindwa zilikuta walioshinda wanafanya vizuri zaidi kwenye mitihani, na tofauti haikuwa ndogo. Kijana wangu mwenyewe anasoma chata na hesabu zimempanda. Lakini shule kuwa nzuri ni jambo moja, na idadi ya watu wanaoitaka kwa dhati ni jambo jingine. Tafiti hizo zilipima la kwanza. Orodha inajidai kupima la pili.

Je, niwashauri mtumie huduma hii? Ndiyo, tumieni, hasa kama Kiingereza cha fomu za serikali kinawachosha. Hii ni fupi na lugha yake nyepesi. Wekeni barua pepe mnayoifungua kila siku, kwa sababu mkiitwa kutoka kwenye orodha muda wa kujibu ni mfupi na kiti kinakwenda kwa mwingine. Mkishapata shule mnayoitaka, ziandikieni zile nyingine ziondoe jina la mtoto, na mwombe jibu la maandishi. Moja ya zile zetu ilichukua wiki kadhaa kujibu, na katikati ya wiki hizo ikatutumia kipeperushi kinachosema foleni yake haijawahi kuwa ndefu hivi.