Uzoefu wangu: siku 17 za snuka ya dunia, na kwa nini nasema kata tiketi ya sesheni ya katikati

Nimefuatilia ubingwa wa dunia wa snuka wa 2025 wote, kuanzia Jumamosi tarehe 19 Aprili mpaka Jumatatu tarehe 5 Mei, siku 17 nzima, nyingi kwenye TV na simu na siku moja nikiwa ndani ya ukumbi wa Crucible wenyewe pale Sheffield, na kwa sababu watu kadhaa wameniuliza kama kweli inafaa kulipa hela ukakae kimya masaa matatu unaangalia watu wanagonga vipira, naandika yote hapa kwa mkupuo. Inafaa, tena sana. Ila inategemea umekata tiketi ya siku gani, na wengi wanakimbilia isiyo.

Kwanza mjue natokea wapi. Mimi mtoto wa Tanga, naishi Manchester mwaka wa sita huu, na kama wengi wetu nimeanzia kwenye pool, ile meza ya kutumbukiza sarafu nje ya duka, kaka yangu ndo alonishikisha fimbo. Sasa mtu wa pool akiiona meza ya snuka mara ya kwanza anashtuka, ni futi 12 kwa 6, upande wa pili unaonekana kama ng'ambo ya mto, af mashimo yake yana midomo ya mviringo inayoutema mpira ukija vibaya kidogo tu. Nyekundu 15 za pointi moja moja, kila ukizamisha nyekundu unatakiwa uzamishe rangi, nyeusi ndo kubwa ina pointi 7, na ukichukua nyekundu zote, kila moja ukiifuatishia nyeusi, ukamalizia rangi zilobaki unapata 147, hapo kwa kawaida hakuna zaidi. Ronnie O'Sullivan aliipata 1997 hapohapo Crucible kwa dakika tano na sekunde kadhaa. Kaka alinionyesha ile video kwenye simu zamani sana, ndo ulevi ulipoanzia.

Haya, mashindano yenyewe. Yako Crucible tangu 1977, ni ukumbi wa maigizo, viti kama 980 tu, yaani ukumbi mdogo kuliko kumbi nyingi za harusi mnazozijua. Wanaingia wachezaji 32. Mechi inahesabiwa kwa fremu, yaani mchezo mmoja tangu mipira ipangwe mpaka iishe, raundi ya kwanza anayefika fremu 10 kapita, raundi ya pili na robo fainali unatafuta 13, nusu fainali 17, fainali 18. Hakuna mechi inayochezwa kwa mkao mmoja, wanazikata vipande vipande, kila kipande ndo sesheni. Kwa saa za Uingereza kuna sesheni ya saa nne asubuhi, ya saa nane na nusu mchana na ya saa moja jioni. Nyie mlioko nyumbani ongezeni masaa mawili, kaka yangu Tanga ya asubuhi anaiona saa sita mchana na ya jioni inaanza saa tatu usiku, kwa hiyo fremu za mwisho zinamkuta usiku mnene.

Mpaka robo fainali ukumbini kuna meza mbili na kiambaza katikati, tiketi yako inasema upande gani, na ukishakaa upande wako ule wa pili huuoni, unausikia tu. Hili watu wengi hawalijui wanapolipa. Tena kuanzia nusu fainali kiambaza kinaondolewa inabaki meza moja katikati ya ukumbi, na bei nazo zinapanda kila raundi, fainali tiketi zinaisha mapema mno, ukikurupuka Machi huzipati labda kwa walanguzi. Mimi nilijaribu mtandao mmoja wa kuuza tiketi mkono wa pili, sitautaja, nikalipa, ikaja barua pepe kwamba tiketi haipo, hela yangu ilirudi baada ya wiki tatu. Usipite huko. Nikaenda kukata ya kawaida kwa waandaaji, raundi ya pili, asubuhi, upande ambao Zhao Xintong anacheza na Mchina mwenzake Lei Peifan, sesheni ya katikati. Nilikata kwa sababu ndo iliyokuwepo, kumbe nimeokota dodo.

Siku yenyewe nimetoka Manchester na treni, kama dakika hamsini hivi unakatiza milimani. Ukishuka Sheffield unapanda kilima kidogo kwa miguu, dakika kumi uko Tudor Square penye Crucible, huhitaji basi wala teksi. Pembeni pale kuna Winter Garden, nyumba kubwa ya vioo imejaa miti kutoka pande zote za dunia, bure kuingia, nilikuta mitende mle nikasimama kwanza. Fika mapema, maana fremu ikishaanza hawakuingizi mpaka iishe, na nilimwona mama mmoja na mwanae wamesimama mlangoni dakika ishirini na tano kwa kuchelewa dakika mbili. Pia pale wanauza kiredio kidogo cha sikioni ili usikilize watangazaji wakati unaangalia, chukua, hasa kama hujazoea, maana bila kile unaona mtu kagonga mpira ukaenda kulala ukutani na ukumbi mzima unapiga makofi na we hujui kwa nini.

Nikakaa safu ya nne. Jamani. Kwenye TV meza inaonekana bapa kama ramani, ukiwa pale unaona kitambaa kile kina nyuzi zinazolala upande mmoja kama manyoya ya paka, unaona vumbi la chaki ya bluu kwenye kidole cha Zhao anapoweka mkono chini, yeye ni wa mkono wa kushoto kwa hiyo kila kitu chake kinakujia kinyume na ulichozoea. Kuna wakati akamwomba refa asafishe mpira mweupe, refa akaja na glavu zake nyeupe, akaweka kialama kidogo kugusana na mpira, ndo akauinua, akaufuta taratibu pande zote, akaurudisha palepale, akaondoa kialama bila kutikisa chochote, na watu wote wa upande wetu wamenyamaza wanamwangalia mtu anafuta mpira. Nilikuwa nimeshika pumzi na sikujua kama nimeshika. Af sauti, mpira ukiingia shimoni kwa nguvu unalia mlio mzito wa ngozi, ukipigwa polepole unasikia ukitambaa kwenye kitambaa, kwenye TV hiyo haipo kabisa. Meza zile zinapashwa joto kwa chini ili jiwe lililo chini ya kitambaa na kitambaa chenyewe vikae vikavu, ndo maana mpira uliopigwa kidogo tu unatembea mpaka mwisho wa meza na kurudi.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni makofi ya ng'ambo ya kiambaza. Lei kainama, fimbo inaenda mbele nyuma, mbele nyuma, mara upande wa pili wanalipuka kushangilia, anasimama, anapumua, anapaka chaki, anaanza upya kuhesabu shoti yake. Huyu Lei ndo alomtoa bingwa mtetezi Kyren Wilson 10-9 siku ya kwanza kabisa ya mashindano, kwa hiyo kale kamkosi ka Crucible kaliendelea, tangu 1977 mpaka hapo hakuna aliyechukua ubingwa mara ya kwanza akarudi mwaka unaofuata akautetea. Kijana mdogo, na ana utulivu wa kumzidi mzee.

Sasa kwa nini nasisitiza sesheni ya katikati. Wengi wanataka sesheni ya mwisho ili waone mshindi, naelewa, lakini ya mwisho inaweza kuisha kwa fremu mbili, umesafiri, umelipa, dakika arobaini unarudi stesheni. Tena kuna wakati haichezwi kabisa! Nusu fainali ya Zhao na O'Sullivan ilipangwa sesheni nne, Zhao kamaliza ya tatu 17-7, ya nne ikabaki hewa. Ya katikati una karibu uhakika wa kuona fremu nane au karibu yake, nne, mapumziko ya dakika kama 15, nyingine nne. Na hapo ndo mechi inapovunjika. Angalia hiyohiyo nusu fainali, sesheni ya kwanza waligawana 4-4, kila mtu anasema hii itaenda mpaka usiku wa mwisho, sesheni ya pili Zhao akachukua fremu zote nane, nane kwa sifuri dhidi ya Ronnie, mtu mwenye mataji saba ya dunia, ikawa 12-4. Aliyekuwa ukumbini asubuhi ile kaona kitu ambacho hata wa sesheni ya ushindi hakukiona. Mimi niliiona kwenye simu kazini nimeiegesha kwenye kikombe cha chai, na bosi wangu, Muingereza asiyejua snuka, kaishia kuvuta kiti.

Halafu kuna utamu wa kutoka ukumbini mechi haijaisha. Nilitoka pale mchana, mechi ya Zhao na Lei bado, nikawa ndani ya treni kichwani nacheza zile fremu upya, nyumbani nikaja kuimalizia kwenye TV, 13-10 Zhao, na kila akiinama nilikuwa najua pale chini panaonekanaje. Kuanzia siku ile sikumwacha tena.

Na hadithi yake inabeba, niseme ukweli wangu. Alifungiwa miezi 20 kwenye ile kesi ya 2023 ya kupanga matokeo, ya wachezaji kumi wa China, wawili wao wakafungiwa maisha. Yeye hakupanga matokeo ya mechi zake ila alihusika na za mwenzake na alikuwa amebeti, akakubali, akatumikia. Amerudi Septemba 2024, hana hata kadi ya mchezaji wa kulipwa, amehesabiwa kama ridhaa, akaanzia kwenye mchujo, mechi nne ndo aingie Crucible, af tano mle ndani. Wapo wanaosema asingeruhusiwa, naheshimu, ila mimi naona mtu akishamaliza adhabu yake kamaliza.

Kwa walio Uingereza, BBC walionyesha bure kwenye TV na iPlayer, huduma yao ya mtandaoni, alimradi una leseni ya TV, na uzuri wa iPlayer unachagua meza unayoitaka, siyo wakuamulie wao. Onyo moja tu, zima programu za matokeo kwenye simu. Niliyokuwa nayo ilikuwa inatangulia picha kama nusu dakika, mchezaji ndo kwanza anapaka chaki, simu inatetemeka "fremu imeisha", roho inakufa ganzi. Niliifuta siku ya sita na mashindano yakawa mapya.

Fainali ilikuwa Zhao, miaka 28, na Mark Williams wa Wales, miaka 50, hakuna mzee zaidi yake alowahi kucheza fainali pale. Wote mashoto. Williams alichukua ubingwa wake wa kwanza mwaka 2000, Zhao ana miaka mitatu! Jumapili mchana Zhao katoka 7-1, usiku 11-6, Jumatatu mchana ikawa 17-8, anatafuta fremu moja tu. Kaka akanipigia, bando lake linakaribia kuisha, akaniambia dogo weka simu mbele ya TV mimi ntaangalia kupitia kwako. Nikaiegesha juu ya vitabu. Kumbe Williams hajamaliza, kachukua fremu nne mfululizo, 17-12, ukumbi umesimama, kaka Tanga anasema kwa sauti ya chini kabisa kama na yeye yuko safu ya nne, "mzee huyu, mzee huyu, muache mzee." Nilimwambia we si ulikuwa wa Zhao, akasema nanyamaza.

Fremu iliyofuata Zhao kamaliza, 18-12, bingwa wa kwanza kutoka Asia, kajifunika bendera. Kaka hakusema kitu kwa muda, nikadhani laini imekata, nikaita halo, halo. Akasema yupo. Af akaniuliza treni ya kutoka kwangu mpaka Sheffield ni shilingi ngapi za kwetu, maana pasipoti yake bado ina miaka minne.