Miezi sita Bangkok na laptopu: kodi tulielewana, umeme ndo ulinitoa jasho

Kila mtu akijua nilikuwa Bangkok swali la kwanza ni maisha bei gani, la pili intaneti ikoje. Hakuna anayeuliza umeme wanauzaje, na hilo ndo swali ambalo lingeniokolea hela kama ningeliuliza mapema.

Kazi yangu ni kuhudumia wateja wa duka moja la mtandaoni la Uingereza, meseji na simu, hivo mtandao ukiyumba dakika kumi tayari mtu wa London ameshakasirika. Nyumbani Tanga nilikuwa naishi na laini mbili za simu, betri chini ya kitanda na dua. Bosi hajali niko wapi ilimradi napokea simu, nikasema basi wacha nijaribu.

Viza nilichukua ile ya DTV walioianzisha Julai 2024, ya watu wanaofanya kazi kwa mbali, inakaa miaka 5 na kila ukiingia unapewa siku 180. Ada yake kule wanaitaja baht (hela ya kwao) 10,000 ila kinachokata watu pumzi ni kuonyesha akiba ya baht 500,000, kwa bei ya wakati ule ni kama milioni 40 za kwetu. Mimi ilikuwa akiba ya miaka mitano jumlisha kiwanja nilichouza, sitaki kumdanganya mtu kwamba ni kitu cha kuamka asubuhi ukaomba. Na usisahau kadi ya homa ya manjano. Ukitua uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi na pasi ya Tanzania au Kenya pitia kwanza dirisha la afya wakugongee, mimi nilipanga foleni ya uhamiaji nusu saa nzima nilipofika mbele nikaambiwa rudi kule, miguu imevimba na safari ya kupitia Addis.

Nyumba nilipata mtaa wa On Nut, dakika sita kwa mguu toka kituo cha treni ya juu, chumba kimoja mita za mraba 28, ghorofa ya 21, baht 9,500 kwa mwezi, laki saba na kitu. Fleti kule wanaziita kondo, nikampigia mama nikamwambia nimepata kondo zuri, akanyamaza, afu akauliza kondo la nani, nani kajifungua? Sasa raha ya kwanza kwa mtu aliyezoea kupanga Bongo: dalali halipwi na wewe, analipwa na mwenye nyumba, na kodi unalipa mwezi kwa mwezi, hakuna habari ya leta ya miezi sita mbele. Unaanza na dipoziti ya miezi miwili na mwezi mmoja wa kuishi, yaani mimi nilitoa 28,500 siku ya kwanza.

Haya, umeme. Kwenye mkataba kulikuwa na mstari mmoja unasema uniti moja baht 8, nikasaini, nikaona ni hela ndogo. Kumbe bei ya shirika la umeme ni kama nusu ya hapo na wapangaji wengine wanalipa bili ya shirika moja kwa moja, ila jengo letu mwenye nyumba anakuuzia yeye. Disemba bili ilikuja 1,920 nikanung'unika nikalipa. Machi joto lilivofika ikaja 3,400, zaidi ya theluthi ya kodi! Na ubaya wake hakuna luku, nimezoea kuona uniti zinavoshuka hadi roho inaniuma nazima feni, kule unawasha AC unalala kama mfalme halafu mwisho wa mwezi karatasi inapitishwa chini ya mlango. Kabla hujasaini uliza umeme unamlipa nani, wakikwambia jengo, uliza uniti bei gani, afu ndo uangalie hilo bwawa la kuogelea wanalokuonyesha.

Intaneti sina la kusema, ya waya ndani ya chumba Mbps 500 kama baht 600 kwa mwezi, na kwa miezi sita umeme ulikatika mara moja dakika chache tu. Sehemu za kukodi meza zipo kibao, kwa siku kama baht 300, nilienda mara nne nikaacha, AC yao ni ya kuhifadhia samaki. Hela ndo usumbufu, kule kila muuza matunda ana QR ya kulipia kwa simu ila mimi nilitakiwa niwe na akaunti ya benki ya kwao, kila tawi lilikuwa na sharti lake sikufanikiwa, nikabaki na kadi ya nyumbani na ATM ilikuwa inanikata 220 kila nikichomoa.

Kitu ambacho sikukitegemea ni saa. Uingereza wakianza kazi saa tatu asubuhi Bangkok ni saa kumi jioni wakati wa baridi yao, kwa hiyo mimi naingia kazini watu wanatoka na natoka saa sita usiku. Asubuhi yote ni yangu, raha kweli, ila marafiki hupati maana muda wa watu kukaa pamoja wewe una hedifoni masikioni. Mtu pekee niliyekuwa naongea naye kila siku ni mama mmoja Muislamu mwenye kijiwe cha chakula kwenye soi yetu, yaani kichochoro, anauza khao mok, wali wa manjano na kuku ndani yake, ukifumba macho unasema biriani iliyopungukiwa masala. Namwita Pa, kwao ni kama kusema mama mkubwa. Kiingereza hana, mimi Kithai nilianza na namba. Siku moja namuuliza anafunga saa ngapi, ananiambia "saam thum". Saam ni tatu, nikaichukulia tatu ya kizungu, nikaja saa tisa usiku, hola, giza. Kesho yake akacheka akanionyesha kwenye simu, ni saa 3 usiku, wanahesabu usiku kama sisi! Saa moja usiku kwao ni moja, saa mbili ni mbili, mpaka tano. Nusura nimkumbatie, wazungu ofisini miaka miwili hawajaielewa saa yetu na huyu mama wa On Nut anayo toka kwa bibi yake.

Vyakula vingine mtu wa pwani hupati shida, shokishoki zimejaa hadi kwenye mikokoteni, doriani ipo ila kwenye treni na majengo mengi hawataki uingie nayo kwa harufu, na yale majani yao ya phak bung ukikaanga na vitunguu saumu ni ndugu wa matembele kabisa. Saladi ya papai bichi wanaitwanga kwenye kinu na mchi mbele yako, sema "pilipili moja", na hiyo moja bado utalia. Jumapili nilikuwa napanda treni hadi kituo cha Nana kwenye kichochoro cha Waarabu, wengi wanakuja kwa matibabu toka Ghuba, na huko nikasikia bibi mmoja wa Oman anamgombeza mjukuu wake kwa Kiunguja safi, mwanawe kalazwa. Nilikaa nao mpaka adhuhuri, akanilipia chai kwa nguvu.

Januari hewa ilichafuka, moshi wa PM2.5, vile vivumbi vidogo mno vinavyoingia mapafuni, shule zaidi ya 350 zikafungwa na serikali ikafanya treni bure wiki nzima watu waache magari. Mimi nilikohoa siku kumi na nikanunua mashine ya kusafisha hewa, ambayo nayo inakula uniti za baht 8.

Afu ikaja Machi 28. Ijumaa, nimefunga, saa saba na dakika ishirini mchana nimejilaza, taa ya darini ikaanza kubembea. Nikadhani ni kizunguzungu cha swaumu. Ukuta ukalia kama mlango wa mbao. Nilishuka ngazi ghorofa 21 na laptopu kifuani bila viatu, chini barabarani watu wote wanatazama juu na maji ya bwawa la paa la jengo la jirani yanamwagika kama mtu kapindua ndoo. Tetemeko lilikuwa Myanmar, kama kilomita elfu moja toka pale, lakini upande wa Chatuchak jengo lililokuwa linajengwa liliporomoka na watu wakafa. Treni zote zikasimama. Saa kumi jioni nilianza zamu nimekaa kwenye kiti cha plastiki cha Pa, bando la simu, mteja ananilalamikia soksi za saizi ndogo. Maghribi Pa akaniwekea tende na maji mbele ya laptopu wala hakusema kitu.

Siku 180 zangu ziliisha mwanzoni mwa Aprili, nikaondoka kabla ya Songkran, mwaka mpya wao wa kumwagiana maji, sikumwagiwa. Mwenye nyumba alitaka kukata dipoziti kwa ufa wa pembeni ya dirisha, ufa wa tetemeko! Meneja wa jengo akamwonyesha picha za vyumba vingine kumi vyenye ufa uleule ndo akalegea, akakata 1,000 tu ya "usafi".

Nyota nne. Viza ina uhai mpaka 2029 na bosi bado hajali niko wapi, Oktoba nikipata nauli narudi On Nut hapohapo, ila safari hii ghorofa ya nne, bili ya shirika lenyewe, na unga wa sembe nabeba kilo tano maana Pa anataka kuonja.