Milimita 64: nilivyobadili kipoza cha kadi ya grafiki kwenye kesi ndogo

Kwa miezi mingi nilivaa hedifoni ili tu nisiisikie kadi yangu ya grafiki, sehemu ya kompyuta inayochora picha za skrini. Kesi yangu, yaani sanduku la kompyuta, ni ndogo, ya madabodi (bodi kuu) ya Mini-ITX, yaani sentimita 17 kwa 17, na kadi imekaa ikitazama ubavu wenye matundu. Nikifungua mchezo mzito, dakika kumi haziishi joto limeshafika nyuzi 84, feni mbili za kiwandani zinapanda hadi mizunguko 2,900 kwa dakika, na kadi inaanza kujipunguzia kasi. Mlio wake ulikuwa mwembamba kama wa mbu mkubwa, na ulisikika hadi chumba cha pili.

Nilianza kutafuta kipoza kwa kuangalia kipi kina mabomba mengi ya joto, yale yanayolihamisha joto kutoka kwenye chipu, na kipi kinasifiwa zaidi. Raijintek Morpheus II kikaja juu kabisa: mabomba 12, urefu milimita 254, upana 98, unene 44. Hakiji na feni, unachagua mwenyewe, na watu wengi hukifunga feni mbili za milimita 120 zenye unene wa 25. Jumlisha 44 na 25 upate 69. Nikachukua rula, nikapima kutoka uso wa bodi ya kadi hadi upande wa ndani wa ubavu: 64. Ubavu usingefunga.

Naomba msomaji mwenye kesi ndogo afanye kipimo hicho kabla ya kusoma sifa za kipoza chochote. Usitosheke na maneno "inaingia kadi ya sloti tatu". Sloti moja, yaani nafasi moja ya kadi kwenye kesi, ni milimita 20.32, kwa hiyo tatu ni kama 61, lakini kesi nyingine zina upenyo wa ziada na nyingine hazina hata chembe. Pima pia urefu, maana kipoza hiki kinaweza kuizidi kadi fupi, na angalia waya wa umeme wa kadi utapita wapi.

Kabla ya kununua nilijaribu njia ya mkato: nikavua kava ya plastiki na feni za kiwandani, nikaacha mapezi yaleyale, yaani vibati vinavyotawanya joto, na kuyawekea feni za kawaida. Kwa kadi yenye mapezi manene njia hii inatosha, tena huigusi chipu, moyo wa kadi. Yangu ilikuwa na mapezi membamba na mabomba mawili tu. Joto likashuka hadi 79, kelele ikapungua kidogo, basi.

Nikaamua kuchukua Morpheus na feni mbili za Noctua NF-A12x15, zenye unene wa milimita 15. Sasa ni 59. Nilitegemea zibaki 5, zikabaki 3 hivi, kwa sababu chipu yenyewe imeinuka juu ya bodi na kipoza kinakaa juu yake. Hilo sikulihesabu, na ingekuwa kesi finyu zaidi kidogo ningekwama.

Kukifunga kulinichukua alasiri nzima. Kwanza hakikisha umbali kati ya matundu manne ya skrubu yanayoizunguka chipu unakubaliana na kipoza. Hautofautiani kwa chapa tu, hata kadi za kampuni moja hupishana. Skrubu nilizikaza kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, ili chipu isielemewe upande mmoja. Kazi kubwa iko kwenye memori na sehemu ya kurekebisha umeme. Kipoza cha kiwandani kiliziegemea zote kupitia pedi laini za kupitisha joto, ila hiki kipya kinaigusa chipu peke yake. Kila kidude kinahitaji kipande chake cha alumini, kinachobandikwa kwa utepe unaopitisha joto. Kimoja nilikibandika bila kufuta mafuta ya pedi ya zamani vizuri, na siku ya tatu nikakikuta kimelala chini ya kesi. Alumini ikidondokea kwenye bodi inayopitisha umeme inaweza kuiua kadi. Nikavua vyote, nikasafisha kila uso kwa spiriti, nikasubiri ukauke, nikabandika upya na kukibana kila kimoja kwa kidole kwa dakika nzima. Havijatikisika tena.

Majaribio ya kwanza yalinivunja moyo: nyuzi 76. Kipoza kikubwa kiasi hicho, kwa nini? Nilipoingiza karatasi nyembamba kwenye ule upenyo wa milimita 3 nikaona inavutwa kutoka pembeni, kutoka ndani ya kesi. Feni zilikuwa zinavuta tena hewa moto iliyokwisha kupita kwenye mapezi. Nikakata ukanda wa sponji laini, nikauzungusha kwenye fremu za feni ili ujaze upenyo hadi kwenye ubavu, hewa isipate njia nyingine ila matundu ya nje. Joto likashuka hadi 69, feni zikiwa kwenye mizunguko 1,200. Nyuzi saba kwa kipande cha sponji! Hakuna kitu nilichofanya katika kazi hii yote kilichonifurahisha kama hicho.

Waya wa feni usiupuuze. Plagi ya feni kwenye kadi ni ndogo kuliko ile ya madabodi, hivyo inahitajika adapta, pamoja na kigawanyo cha feni mbili. Ukizichomeka kwenye madabodi, kwa kawaida zitafuata joto la prosesa, na kadi itachemka wakati feni zimelala.

Upungufu upo. Hewa moto yote sasa inabaki ndani ya kesi, na prosesa ilipanda nyuzi 4 hadi nilipogeuza feni ya juu itoe hewa badala ya kuingiza. Kipoza kinailemea kadi, nimeitegemezea kijiti cha plastiki. Waranti nayo, kwa kadi nyingi, usiitegemee tena ukishafungua skrubu zile. Kipoza cha zamani nimekihifadhi na skrubu zake zote kwenye mfuko mmoja.

Kama kadi yako ina mapezi manene, vua kava, weka feni nzuri na sponji, uishie hapo. Kama mapezi yake ni membamba kama ya kadi yangu na una angalau milimita 62 za kweli, Morpheus na feni nyembamba nakipendekeza bila kusita. Jana usiku nilicheza saa tatu mfululizo bila hedifoni, na sauti niliyoisikia ni ya kibodi.