Usinunue maikrokontrola kwa kuangalia megahezi, angalia pini zake zinaweza nini

Wadau, mtu akitaka ushauri wa bodi ya maikrokontrola ya kununua (yaani chipu moja ndogo yenye prosesa, memori na pini ndani yake) huwa anakuja na jedwali lake kabisa, megahezi ngapi, memori kiasi gani, pini ngapi, na kitu kitakachomtesa miezi miwili baadaye hakimo humo. Kitu chenyewe ni hiki: pini (kile kimguu cha kuunga waya) ikitakiwa kufanya jambo lenye muda mkali, nani anaishughulikia? Prosesa yenyewe, au kuna sehemu ndani ya chipu inayoifanya hiyo kazi peke yake wakati prosesa ina mambo mengine?

Chukua mkanda wa LED za WS2812, zile za rangi zinazotumia waya mmoja wa data. Kila biti inachukua maikrosekunde 1.25, na tofauti ya sifuri na moja ni muda ambao waya unakaa juu, takriban 0.4 kwa sifuri na 0.8 kwa moja. Kwenye ATmega328P, ile chipu ya Arduino Uno ya megahezi 16, biti nzima ni mizunguko 20 tu ya klok (mapigo ya saa ya chipu), kwa hiyo laibrari (kodi iliyoandikwa tayari) inazima intarapti zote (zile ishara za kumkatiza prosesa ashughulikie jambo la haraka) na kuhesabu mzunguko mmoja mmoja mpaka imalize. LED 300 mara biti 24 ni biti 7,200, yaani milisekunde 9 ambazo chipu haisikii kitu. Ndani ya hizo 9, kama kuna data inaingia kwa siriali (biti moja moja kwenye waya) kwa spidi ya 115200, zinapita baiti kama 100 na chipu ina nafasi ya kushika mbili tatu, zingine zote zimepotea, na ile saa ya millis, inayohesabu milisekunde tangu chipu iwake, nayo inabaki nyuma. Mi nilikesha siku tatu natafuta kosa kwenye kodi yangu ya kupokea data, kumbe kodi ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza, chipu ndo ilikuwa haipo nyumbani. Toka hapo nikinunua bodi naanza na pini.

Sasa orodha yangu. Nimepanga kwa vitu vitatu: je, chipu inaweza kuongea protokali ambayo mtengenezaji wake hakuiwazia, je, data inatoka kwenye memori mpaka kwenye pini kwa DMA (sehemu ya chipu inayohamisha data yenyewe) bila kumsumbua prosesa, na je, mtu wa kawaida anayejifunzia nyumbani ataweza kuitumia bila kulia.

Namba 1: RP2040 na RP2350

Hapa sina shaka hata kidogo. RP2040 ilitoka Januari 2021 kwenye bodi ya Raspberry Pi Pico, na ndani yake kuna kitu kinaitwa PIO. Ni bloku mbili, kila bloku ina vimashine vinne, jumla nane, na kila kimashine ni kama prosesa ndogo sana isiyojua kitu kingine chochote zaidi ya pini. Lugha yake ina amri tisa tu. Kila amri, kama hujaiambia isubiri, inachukua mzunguko mmoja kamili, haizidi haipungui, na kwa megahezi 133 mzunguko ni kama nanosekunde 7.5. Hiyo "haizidi haipungui" ndo utamu wote ulipo, maana prosesa kubwa zenye kashe (memori ndogo ya haraka) na intarapti zina mbio lakini hazikuahidi chochote kuhusu lini hasa pini itabadilika.

Programu ya ule mkanda wa LED kwenye PIO ni amri nne. Nne! Unaiandika, unaipakia, unaelekeza DMA kwenye safu yako ya rangi, na prosesa zote mbili ziko huru, intarapti haziguswi, siriali haipotezi baiti hata moja. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilirudi kusoma kodi mara mbili kuhakikisha hakuna kitu kimefichwa.

Watu wameshafanya makubwa na hiki kitu: picha kwenye skrini za VGA na DVI, USB ya pili inayofanya kazi kama hosti (upande unaochomekewa vifaa kama kibodi), mawasiliano ya CAN kwa ajili ya magari na printa za 3D, mpaka lojiki analaiza ya kusoma mawimbi kwenye pini nyingi kwa pamoja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho chipu ilitengenezwa nacho.

Mipaka yake ijue kabla hujalipa. Kila bloku ina nafasi ya amri 32 tu, na vimashine vinne vinagawana hizo hizo 32, kwa hiyo ukiweka programu ya kusoma enkoda za mota (sensa za kuhesabu mzunguko) imeshakula sehemu kubwa ya bloku (vimashine vyote vinne vikiendesha programu hiyohiyo haina shida, nakala moja inawatosha wote). Hesabu pia haijui, kujumlisha hakupo, kuna kupunguza moja moja tu. Alafu kuna hili ambalo wengi wanalijua wakiwa wameshalehemu: ukitaka kutoa data ya biti 8 sambamba, pini lazima zifuatane kwa namba. Pico ya kawaida inakupa GP0 mpaka GP22 mfululizo, nafasi ya kutosha kabisa, ila kuna vibodi vidogo vya kampuni zingine vyenye chipu hiyohiyo vinatoa pini kumi na kitu zilizorukaruka, ni vizuri kwa macho ila skrini ya biti 8 huwezi kuiunga kirahisi. Angalia mchoro wa pini kwanza. Na kama unanunua Pico W yenye Wi-Fi, jua kwamba chipu ya Wi-Fi inaongea na RP2040 kupitia PIO, kwa hiyo kimashine kimoja kimeshachukuliwa kabla hujaandika mstari wa kwanza.

RP2350 ilitoka Agosti 2024 na inaongeza bloku ya tatu, vimashine vinakuwa 12, memori inatoka kilobaiti 264 inafika 520, na pini zake za kidijitali zinavumilia volti 5 mradi chipu yenyewe iwe imewashwa. RP2040 haivumilii, ukiipa volti 5 kwenye pini unaweza kuiua. Sasa, toleo la kwanza la RP2350 lililouzwa, A2, lina kasoro inayoitwa E9: pini ya kuingiza ukiiwekea rezista ya ndani ya kuvuta chini, inaweza kunasa kwenye volti 2 na kidogo badala ya kushuka mpaka sifuri. Tiba ni rezista ya nje ya kilo-omu 8.2 au chini yake. Toleo la A4 limerekebisha, kwa hiyo kama mradi wako unasoma swichi nyingi au sensa dhaifu, ulizia A4 kwa jina.

Nani anunue ipi? Anayeanza na anayetaka bodi nyingi achukue RP2040, inatosha kuliko watu wanavyodhani. Mwenye skrini, sauti au mota nyingi kwa pamoja achukue RP2350.

Namba 2: ESP32-S3, na ESP32 ya zamani kwa karibu

Kama Wi-Fi na Bluetooth ni lazima, anzia hapa. ESP32 haina PIO lakini ina vitu vitatu vizuri. Kwanza, ishara karibu zote za ndani unaweza kuzipeleka kwenye pini karibu yoyote, siriali unaitaka pini 17 sawa, kesho unaihamishia 18 sawa, jambo linalookoa sana ukishakosea kuchora bodi. Pili kuna RMT, iliyotengenezwa kwa ajili ya rimoti za infraredi, lakini kwa kuwa kazi yake ni kucheza orodha ya "kaa juu muda huu, kaa chini muda huu", watu wakagundua inafaa kwa LED na kwa protokali nyingi za waya mmoja. Tatu ni I2S, sehemu iliyokusudiwa sauti, ambayo kwenye ESP32 ya mwanzo unaweza kuigeuza itoe data sambamba kwa DMA.

Ila RMT ina kijishimo. Kila chaneli ya ESP32 ya kwanza ina memori ya maneno (visanduku vya memori) 64, na neno moja ni biti moja ya WS2812, kwa hiyo inajaa kwa LED mbili na kitu! Zinazobaki zinajazwa kwa intarapti huku data inaendelea kutoka, na Wi-Fi ikichelewesha hiyo intarapti kidogo unaona mkanda unapepesa rangi za ajabu. Kama uliwahi kuona taa zako zinacheza zenyewe kila simu inapounganishwa, hiyo inawezekana kabisa ndo sababu. Kwenye S3 kuna chaneli moja ya kutuma yenye DMA, tumia hiyo, shida inaisha. S3 pia ina sehemu maalumu ya skrini na kamera ya biti 8 au 16, na kwa skrini kubwa ya rangi hiyo inafanya kazi safi sana.

Kwenye kununua S3 soma herufi za moduli. Zenye R8 mwishoni, mfano N16R8, zina memori ya ziada inayotumia pini 35, 36 na 37, kwa hiyo hizo tatu zipo kwenye bodi kwa macho tu. Kwenye ESP32 ya zamani pini 34 mpaka 39 ni za kuingiza peke yake na hazina rezista za ndani, 6 mpaka 11 ni za flashi (memori inayohifadhi programu) usiziguse, na kundi la pili la ADC (pini za kupima volti) halisomeki Wi-Fi ikiwa imewaka. Ukitoa hizo zote ile "pini 34" ya kwenye tangazo inabaki nusu na ushee. Mi ndo maana naiweka ya pili, ina nguvu lakini masharti ni mengi.

Namba 3: STM32

Hapa ufundi ni taima (saa za kuhesabu ndani ya chipu) na DMA. Taima inapiga, kila ikipiga DMA inachukua neno kwenye memori na kulitupa kwenye rejista ya poti (kisanduku kinachoamua pini zipi ziwe juu), pini 16 zinabadilika kwa pamoja na prosesa hajui kama kuna kitu kimetokea. Ni njia imara, inatumika viwandani miaka mingi, na taima zenyewe ni bora kuliko za wote kwenye orodha hii, kama kazi yako ni mota za fezi tatu ningeiweka namba moja bila kubishana. Shida ni kwamba unajenga kwa vipande ambavyo kila kimoja kina pini zake maalumu, ukitaka protokali ya ajabu unaanza kuunganisha taima hii na chaneli ile ya DMA na unakuta chaneli hiyo imeshachukuliwa na SPI (njia ya kuongea na sensa na skrini). Na zile bodi za bluu za STM32F103, nyingi zinakuja na chipu za kuiga, nilinunua tatu kwa muuzaji mmoja na moja tu ndo ilikubali programu bila kugoma. Kwenye F103 pia USB na CAN zinagawana memori moja, huwezi kuzitumia zote kwa pamoja, jambo ambalo linauma ukilijua mwishoni.

Namba 4: AVR mpya zenye CCL

ATtiny za mfululizo mpya na AVR Dx, ndugu wa ile chipu ya Arduino Uno, zina kitu kidogo kizuri kinaitwa CCL, ambacho ni mantiki ya kweli ndani ya chipu. Kila kipande kina viingizo vitatu na jedwali la majibu manane unalolijaza mwenyewe, ATtiny za mfululizo wa 1 zina vipande viwili, za mfululizo wa 2 vinne. Inaonekana kidogo mpaka uitumie: unganisha kilinganishi cha volti na PWM ya mota (mapigo ya kuwasha na kuzima yanayoamua mwendo wake), mkondo ukizidi mota inakatwa papo hapo na waya wa ndani, hata kama programu imeganda. Usalama wa namna hiyo sitaki kuuacha kwa kodi. Zinakubali mpaka volti 5.5 na zinaprogramiwa kwa pini moja. Kwa protokali ndefu hazifai.

Namba 5: CH32V003 na ndugu zake

Hizi ndo za bei ya chini kuliko zote hapa, prosesa ya aina ya RISC-V ya megahezi 48, flashi kilobaiti 16, memori kilobaiti 2. Mkanda wa LED unauendesha kwa SPI na DMA, unageuza kila biti kuwa biti kadhaa za SPI, na inakubali. Ukitaka bodi hamsini za kufanya jambo dogo moja, nunua hii. Lakini lazima ununue na programa ya WCH-LinkE, yenye E mwishoni, maana ile isiyo na E haiijui waya wake mmoja, na wauzaji wengine wanapiga picha ya hii wanatuma ile. CH32X035 ina kitu kinaitwa PIOC, kiprosesa kidogo cha kuhudumia pini mbili, wazo ni la PIO kabisa, ila mifano ya kujifunzia ni michache mno na kwa mtu anayeanza simshauri bado.

Nje ya orodha kuna Teensy 4 yenye FlexIO (sehemu yake ya kuendesha pini) na PSoC 5LP yenye mantiki ya kujichorea. Zote ni nzuri, Teensy ina mbio ya kutisha ya megahezi 600, lakini bei yake si ya kundi hili, na programu ya kuchorea ya PSoC 5LP inataka Windows.

Kabla ya kulipa, chukua karatasi uandike kila kitu kitakachoungwa, mbele yake andika nani ndani ya chipu atakihudumia: kimashine cha PIO, chaneli ya RMT, taima namba ngapi, DMA chaneli gani. Mkanda wa LED, enkoda mbili, skrini, siriali ya GPS. Kitu kikikosa mwenyewe ukaishia kuandika "prosesa" mara mbili, hiyo bodi iache, panda moja juu kwenye orodha. Na nunua mbili, ya pili ni ya kulinganisha pale ya kwanza itakapoanza kufanya mambo usiyoyaelewa saa saba usiku.